Ulimi wa Fundi Mirija

Kuna wanaoichukia bia kwa ajili ya dini, na wapo wanaoichukia kwa sababu baba zao waliipenda kupita kiasi. Fundi Mirija hakuwa miongoni mwa hao wala hawa. Yeye aliichukia kwa sababu alijua njia inayopita.

Kazi yake ilikuwa kusafisha mirija kwenye mabaa. Ile bia ya bomba, unayomwona mhudumu akivuta koki nayo ikashuka na povu lake jeupe, haidondoki kutoka mbinguni. Inatoka kwenye pipa lililofichwa stoo, na kati ya pipa na koki kuna mrija mrefu unaopita chini ya sakafu, nyuma ya friji, ndani ya matundu ya ukuta ambamo hata paka hathubutu. Mnywaji anaona glasi. Fundi aliuona mrija. Aliingia asubuhi, viti vikiwa bado vimepinduliwa juu ya meza na sakafu ikinatanata kwenye soli, akiwa na ndoo, spana, brashi nyembamba kama mkia wa panya, na galoni la dawa kali iliyomchubua vidole. Alianza na kisahani kilicho chini ya koki, kile cha kupokea matone. Humo alikuta nzi wadogo wameelea, wamevimba, na mmoja wao bado anatikisa mguu. Akishawamwaga hao, alifungua koki na kusukuma dawa. Kwanza yalitoka maji. Halafu akatoka bwana mkubwa mwenyewe: ute mzito wa rangi ya kamasi la mtoto mwenye mafua, unaning'inia, unarefuka, haukatiki, na ndani yake madoadoa meusi ya ukungu kama mbegu za papai. Harufu yake ilikuwa katikati ya soksi iliyolowa na maziwa yaliyosahauliwa kabatini.

"Hiki hapa," alimwambia meneja mmoja huku akimwonyesha ndoo, "ndicho wateja wako walichokunywa jana."

Meneja akacheka. "Na jana walisifu, Fundi. Wakaongeza raundi."

Hilo ndilo lililomkera zaidi ya ute wenyewe. Kwamba walisifu.

Ujanani alikuwa mnywaji kama vijana wenzake. Siku ya kwanza kazini, fundi aliyemfundisha alimwambia achungulie ndani ya kipande cha mrija kilichokatwa. Akachungulia kwa jicho moja. Tangu siku hiyo bia ikamtoka moyoni, na vitu vingine vikaifuata: bamia, kwa jinsi inavyoteleza, ute wa yai, uji uliopoa ukaota ngozi juu. Mkewe, aliyekuwa akishona sare za shule barazani, alimkaangia mayai mpaka yakawa kama soli ya kiatu. Hilo aliliweza. Lililomshinda ni hadithi. Watu wengine wakirudi kazini huzungumzia mabosi wao. Fundi alizungumzia mirija, tena mezani, mkono ukiwa bado na tonge.

"Baba watoto, tunakula," mkewe alimwambia.

"Na mimi nakula. Nawaambia tu, leo nimetoa kitu kirefu kama..."

"Tunakula!"

Watoto walikua na hadithi hizo kama wengine wanavyokua na hadithi za sungura. Wakubwa walioa na kuhama. Akabaki kitinda mimba wao, binti mmoja mcheshi, mwenye kichwa kigumu, ambaye jina la Kitinda lilimganda hata shuleni. Kitinda akaolewa na mchomeleaji, kijana mpole mwenye kovu la cheche shavuni, aliyekuwa na karakana ya kutengeneza mageti na madirisha ya vyuma. Fundi alimpenda mkwewe. Alipenda jinsi alivyosikiliza bila kukatiza, hata hadithi za mirija, huku rangi ikimpotea usoni.

Sasa, Jumapili moja wawili hao wakaja nyumbani wamevaa vizuri, wakakaa wamebanana kwenye kochi. Mama mtu akajua kuna neno. Akadhani ni mimba, akaanza kutabasamu mapema.

"Baba," Kitinda akasema, "tunabadilisha biashara. Mageti yamekuwa ya kila mtu. Mume wangu amejifunza kupika bia. Ameunganisha matangi mwenyewe. Tutapika hapo hapo karakana, kidogo kidogo, na watu watanywea hapo hapo."

Tabasamu la mama mtu likabaki njiani, halijui liende wapi. Fundi aliweka kikombe chini polepole.

"Bia," akasema.

"Si kama zile, Baba. Hii ni ya mikono. Shayiri, chachu, maji, basi. Nyingine anatia matunda. Kila tangi lina ladha yake."

"Kila tangi lina ute wake, sema hivyo. Mwanangu, nimekulea kwa pesa za kamasi, nikakusomesha kwa pesa za kamasi, ili leo uje unambie unataka kuyauza?"

"Mzee," mchomeleaji akasema kwa sauti ya chini, "mimi nitahakikisha usafi."

"Wote huhakikisha. Muulize meneja yeyote."

Kitinda hakulia wala hakugomba. Alimtazama tu baba yake kwa macho yale yale aliyomtazama nayo alipokuwa mdogo akitaka baiskeli. "Sikuombi unywe," akasema. "Nakuomba uje siku ya kufungua. Ukae, watu wakuone. Wewe ni baba yangu."

Damu ni nzito kuliko maji, na Fundi akagundua siku hiyo kwamba ni nzito hata kuliko bia. Akakubali. Lakini usiku kucha aligeukageuka kitandani kama mtu aliyeahidi kula sabuni.

Siku ya kufungua ilikuwa Jumamosi mchana, jua likichoma mabati. Karakana haikufanana na ya zamani. Kuta zilipakwa chokaa, milango chakavu ilikuwa imegeuzwa meza, na nyuma ya kioo yalisimama matangi yanayong'aa, mishono yake ya kuchomelea imesuguliwa mpaka huioni. Kaunta ilikuwa na koki kadhaa, na juu ya kila koki Kitinda alitundika kibao alichokiandika kwa chaki. Kimoja kilisema bia yake ina ndizi mbivu na karafuu. Kingine kilisema kahawa na mkate uliochomwa. Cha tatu kilisema tu: chachu, ya ukwaju.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Watu walijaa. Aliyetangulia mbele kabisa alikuwa kaka wa mke wa Fundi, yaani shemeji yake, karani wa posta mstaafu, aliyevaa viatu vya ngozi laini ya kahawia na masharubu aliyoyachana kwa makini. Shemeji alisoma kibao. Kisha akainua glasi, akaizungusha, akaingiza pua, akafumba macho kama mtu anayesikiliza simu ya mbali.

"Ndizi," akatamka. "Nasikia ndizi. Tena mbivu."

Watu wakamtazama kwa heshima. Mama mmoja muuza vitambaa, aliyekuwa kando yake, akaonja akasema yeye anasikia mkate tu.

"Rudia," Shemeji akamwelekeza. "Usimeze haraka. Ndizi iko mwishoni, imejificha."

Mama akarudia. Uso wake ukafunguka. "Kweli! Ndiyo hiyo!"

Basi ndizi ikawafikia wote mmoja mmoja, kama mwayo unavyotembea kwenye kikao. Fundi aliwatazama kutoka benchi la kona, karibu na feni, na kinyaa kikampanda taratibu. Hakuona glasi. Aliona midomo inayolambwa, povu likiganda kwenye masharubu ya Shemeji na kukauka hapo, vidole vilivyolowa vikigusa karanga za watu wote. Hata sauti ya kumeza ilimchefua. Akajifunga mikono kifuani na kutazama feni.

Hapo ndipo mavyaa wa Kitinda, yaani mama yake mchomeleaji, alipomjia. Alikuwa mama mnene, mkarimu, asiyeweza kuona mgeni amekaa mikono mitupu. Alibeba sinia, akaweka mbele yake sahani ya nyama na kikombe cha bati kilichotoka jasho kwa ubaridi.

"Kunywa, baba, joto litakuua," akasema, akapita kuhudumia wengine.

Fundi akachungulia. Ndani mlikuwa na kitu cha kahawia kizito, hakipitishi mwanga, hakina povu la kusemea. Akanusa. Ukwaju. Moyo ukamtulia. Angalau kuna mtu aliyefikiria wasiokunywa.

Akanywa. Hee! Jamani! Ilikuwa baridi mpaka meno yakauma kwa raha. Uchachu ukamkamata pembeni mwa ulimi, ukamwachia utamu mdogo nyuma, na kitu fulani kinachowasha kidogo kama tangawizi, ingawa haikuwa tangawizi. Akanywa tena. Akamaliza, akampungia mkono mavyaa amletee kingine, na cha pili akakinywa kwa mtuo, akikishikilia mdomoni kila funda kabla ya kulimeza. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikunjuka. Akaona ni haki kusema.

"Hii juisi ya ukwaju nani kaitengeneza?" akauliza kwa sauti, mdomo bado umejaa nusu. "Mama Kitinda, njoo uonje. Haya ndiyo mambo ya kuuza, si yale mengine!"

Vichwa vikageuka. Kisha mtu akaguna kicheko.

"Juisi?" mavyaa akasema, sinia mkononi. "Juisi gani, baba? Hiyo si ile bia chachu ya mwanangu?"

Kitinda alikuwa nyuma ya kaunta. Aliruka, akapiga makofi kama mtoto. "Baba! Umekunywa! Tena umesifu mwenyewe!" Furaha yake ilikuwa ya kweli, haikuwa na kejeli hata chembe. Watu wakampokea kwa makofi.

Na funda la mwisho lilikuwa bado mdomoni mwa Fundi.

Hakuna aliyeongeza kitu kwenye lile funda. Lilikuwa ni lile lile aliloliingiza akitabasamu. Lakini neno lilipoingia masikioni, ukwaju ukatoweka ulimini kama taa iliyozimwa, na mahali pake akasikia ute. Aliusikia ukirefuka. Ubaridi ukawa utelezi, uchachu ukawa maziwa yaliyolala, na ile chembe iliyokuwa inawasha kwa raha ikawa mguu wa nzi. Akataka kumeza, ulimi ukakataa. Akataka kutema, adabu ikamzuia. Wakati anasita baina ya mawili hayo, tumbo likaamua lenyewe. Alitapika mbele ya watu, nyama, ukwaju na vyote, na sehemu kubwa ikatua juu ya viatu vya Shemeji.

"Viatu vyangu!" Shemeji akapiga ukelele.

Mama muuza vitambaa aliishusha glasi yake. "Kuna nini kwenye hii bia?" akauliza.

Angeweza kusema ni tumbo. Angeweza kusema ni jua. Mkewe, aliyekuwa akija mbio na kitambaa, alikuwa tayari anafungua mdomo kumsaidia kwa uongo mdogo wa heshima. Lakini Fundi alikuwa ameinama, machozi yakimtoka, pua inamchoma, ameaibika mbele ya wakwe, na aibu ikitafuta mlango hutoka kwa mdomo.

"Mnataka kujua kuna nini?" akasema. Akaanza. Akawaeleza mrija. Akawaeleza kisahani na wanaoelea humo. Akawaeleza ute kwa rangi yake, kwa harufu yake ya soksi, kwa urefu wake, kwa jinsi unavyomzunguka mtu kidole usitake kuachia, na akawaambia kwamba bia yote inayotoka kwenye koki imepita humo, imelamba humo, imelala humo. Hakutaja karakana hii. Hakuitaja baa yoyote. Hakuhitaji. Glasi walikuwa wamezishika.

Mtu mmoja akaweka yake mezani kama anaweka kitu kinachoweza kuuma. Mwingine akatema kwenye leso. Mama muuza vitambaa akajishika shingo. "Mimi naisikia inateleza," akasema. "Hapa. Inateleza mpaka sasa."

"Nilijua!" Shemeji akafoka, huku akipangusa kiatu kwa gazeti. "Tangu mwanzo niliisikia. Ile haikuwa ndizi. Ndizi gani inanuka soksi?"

Kijana mmoja aliyekuwa anacheka dakika iliyopita akakimbilia mtaroni. Kichefuchefu kikatembea kutoka benchi hadi benchi kwa njia ile ile iliyotembea ndizi. Karakana ikawa tupu, jua likiwa bado juu, na mezani zikabaki glasi zilizonywewa nusu, povu limekufa, nzi wanazishukia.

Mchomeleaji alisimama kando ya matangi yake na kitambaa begani. Kitinda akamfuata baba yake alipokuwa amekaa.

"Umefurahi?" akamuuliza. Hakungoja jibu.

Nyumbani, mkewe alishona mpaka sindano ikavunjika. Alipobadilisha nyingine akasema bila kumtazama: "Ulipotapika nilikuonea huruma. Uliposema, nilikuonea aibu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kabla ya wiki kwisha, mtaa mzima ulikuwa umeibatiza ile bia: bia ya kamasi. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga karakana waliapa kwamba waliinywa na wakaugua. Shemeji alieleza mkasa huo kila alipokaa, na kila alipoeleza soksi zilizidi kunuka. Kitinda hakupokea simu. Fundi mwenyewe alirudi kwenye mabaa yake, na kwa mara ya kwanza ute aliouchukia miaka yote ukamtazama kama mtu anayemjua. Mkewe akamtengenezea juisi ya ukwaju, ukwaju halisi, aliuloweka na kuuchuja mbele ya macho yake. Akainusa, akaisukuma kando. Hata hiyo ilikuwa imekwisha haribika.

"Nimekukamulia mwenyewe!" mke akalalama.

"Najua. Najua kabisa, mama. Haitelemki."

Aliyevunja ukimya ni mchomeleaji. Alikuja asubuhi moja kwa miguu, akakataa chai, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Mzee, sikuja kulaumu," akasema. "Nimekuja kukuomba kazi. Njoo ufungue mirija yangu. Yote. Ukikuta kitu, nitafunga na kurudi kwenye mageti."

Fundi alichukua ndoo na spana. Na hapa tusimsingizie: njiani aliomba akute uchafu. Hata kidogo tu. Kipande cha ute chenye urefu wa ukucha kingetosha kumrudishia heshima yake. Angekionyesha kwa mwanawe na kusema, unaona?

Alifungua koki ya kwanza, akaingiza brashi. Ikatoka nyeupe. Akafungua ya pili, ya tatu. Akang'oa vifungio, akapitisha kidole ndani, akakinusa. Harufu ya chuma na maji. Akalala chali chini ya kaunta kutafuta pale ambapo uchafu hujificha siku zote, kwenye kona za mrija, akakuta mrija hauna kona. Ulikuwa mfupi kama mkono wa mtu, unatoka kwenye tangi moja kwa moja hadi kwenye koki, tena wa plastiki inayoonyesha ndani. Kisahani kilikuwa kikavu.

"Nani alikufundisha hivi?" akauliza akiwa bado chini.

"Wewe, Mzee. Siku nilipokuja kuposa ulinipa pilau ukanisimulia ile baa yenye nzi. Sikula siku mbili. Nilipojenga hapa nikasema, mrija wangu lazima uwe mfupi na niuone wote."

Fundi akatoka chini ya kaunta, akapangusa magoti. Alijiona ananuka, yeye, si bia. Akaomba kikombe. Mchomeleaji akamkingia ile chachu ya ukwaju, mafunda mawili tu. Fundi alikuwa ameuona mrija kwa macho yake, ameugusa kwa kidole chake, na hakukuwa na mtu duniani mwenye hakika ya usafi wa kinywaji kuliko yeye wakati ule. Akafumba macho. Akajaribu kukumbuka benchi, feni, ubaridi ule. Akanywa.

Ute. Ule ule. Mrefu, hautaki kukatika. Akaukimbiza hadi mtaroni na kutema, akabaki ameinama, mate yakimchuruzika. Mkwewe aligeuka akatazama matangi, kwa adabu.

"Ni safi," Fundi akasema alipopata pumzi. "Naapa ni safi. Macho yamekubali, pua imekubali. Lakini huyu," akajigusa ulimi, "huyu hataki kusikia la mtu."

"Basi usinywe." Ilikuwa sauti ya Kitinda. Alikuwa amesimama mlangoni, na hakuna aliyejua tangu lini. Hakutabasamu. "Usinywe. Ila utakuja kusafisha. Kila Jumamosi mchana, milango ikiwa wazi, watu wakiona."

"Watasema nini, mwanangu? Mimi ndiye niliyetapika."

"Ndiyo maana. Wote wanajua wewe hudanganyiki."

Akaja. Jumamosi ya kwanza watazamaji walikuwa muuza vocha na wazee wawili waliokosa pa kukaa. Fundi alifungua koki, akasukuma maji, akayainua kwenye chupa ya kioo dhidi ya jua. Maji matupu. Mmoja wa wazee akasema, "Ah," kama mtu aliyekuja kuona ajali akakuta wote salama. Jumamosi iliyofuata wakawa wengi kidogo. Neno likaanza kutembea: yule aliyetapika ndiye anayesafisha, mnyonge wa kinyaa kuliko wote, na kama yeye anaingiza mkono mle, basi hapana kitu. Wakaanza kurudi. Glasi moja kwa wasiwasi, kisha mbili.

Hata Shemeji akarudi. Alikuja na viatu vipya, vyeusi, akakaa mbali kidogo na shemeji yake. Akaagiza ile ya ndizi. Akaizungusha, akanusa, akafumba macho. Fundi alikuwa anafunga spana kwenye begi, akashindwa kujizuia kutazama.

"Sasa hii ndiyo bia!" Shemeji akawatangazia waliokaa. "Mmebadilisha mapishi. Msinikatalie. Ile ya mwanzo ilikuwa na soksi, mimi nilisema wazi. Hii ndizi imekaa mahali pake."

Mama muuza vitambaa akatikisa kichwa. "Hata mimi naona. Hii haitelezi."

Hakuna kilichobadilishwa. Bia ilikuwa ni mapishi yale yale, shayiri ile ile, na chachu ile ile ya kuumulia, iliyovunwa kwenye tangi la siku ya kufungua. Fundi alilijua hilo kwa sababu mkwewe alimwambia. Akalitazama povu likipanda tena kwenye yale masharubu, akausikia ulimi wa Shemeji ukilamba huku na huku, na kinyaa kikampata, kikali kuliko cha ndoo yoyote. Safari hii hakikuwa cha bia. Midomo ile ile! Midomo iliyosema soksi ikatangaza soksi mtaa mzima, sasa inasema ndizi bila hata kuona haya. Akafungua kinywa. Alikuwa na maneno yake, mazuri, yenye makali, tena yote ya kweli.

Akamwona Kitinda nyuma ya kaunta. Alikuwa ameacha kupangusa glasi, anamtazama. Na hapo Fundi akakumbuka, bila kupenda, vikombe viwili vya bati alivyovinywa kwa mtuo akitabasamu, na mahali vilipoishia. Akafumba kinywa. Maneno yakashuka moja moja, machungu, yakimkwaruza koo, lakini yakashuka.

"Karibu sana, shemeji," akasema. "Kunywa."

Akatoka kwa mlango wa nyuma kupata hewa, na huko hewa ilikuwa mbaya zaidi. Beseni kubwa la machicha ya shayiri yaliyotoka kupikwa asubuhi lilikuwa limekaa juani, linafuka, limevimba, majimaji ya kahawia yakipumua mapovu. Mfuga nguruwe wa jirani alikuwa ameegesha mkokoteni wake anasubiri. Fundi aliziba pua kwa kiganja, akageuka kurudi, akagongana na Kitinda aliyekuwa anatoka.

"Baba, shika huko," akasema, akainamia mkono mmoja wa beseni. "Mume wangu ana wateja. Peke yangu siwezi."

"Hilo?"

"Hilo."

Akashika. Akageuza uso kabisa, kama mtu anayepita msibani asiyetaka kuingia, wakaanza kutembea upande upande kuelekea kwenye mkokoteni. Beseni likayumba. Uji wa moto wa machicha ukamwagika, ukamlowesha mguu, ukapenya katikati ya vidole ndani ya ndala, laini, mzito, unateleza.

"Aka! Aka! Aka!" Fundi akapiga kelele, lakini hakuachia.

Kitinda akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza alichokisikia kwake tangu siku ile, na kilimtoka vibaya, kwa pua, mpaka beseni likazidi kuyumba.

"Usinitapikie tu," akasema.

"Tembea," baba yake akamjibu, macho yamefumbwa, midomo imebanwa. "Usicheke, mwanangu. Tembea upesi."